Nilivyotumwa Ibra Kumchukua Mama Mkubwa

Tangu nirudi sijala chakula kwa raha. Nikikaa barazani mnanijia, nikitoka msikitini mnaningoja penye viatu, na juzi kinyozi alinishika shavu moja limenyolewa na la pili bado, akasema hainuki mtu kitini mpaka aeleze ilivyokuwa Omani. Basi naandika mara moja, nimalize.

Habari za tiketi na viza naziruka, hazina utamu. Naanza na nilichotumwa. Mama yangu, Bi Salma, amebakiwa na ndugu mmoja tu duniani, dada yake Bi Raya. Bi Raya aliolewa akachukuliwa Omani mie sijazaliwa, na tangu siku ile hawajaonana uso kwa uso. Mama hapandi ndege. Hapandi hata boti ya Pemba, akifika bandarini tu anaanza kusoma shahada. Bi Raya naye kila mwaka husema atakuja mwakani, na mwakani hiyo imekwenda ikarudi mpaka mie nimeota mvi. Simu ya picha haitaki. Ukimpigia, huibandika simu sikioni, nasi huku tunabaki kutazama sikio na kipuli.

Safari hii Mama alinikalisha chini. "Nenda ukale nao Idi Kubwa," akaniambia. "Ukirudi, rudi na dada yangu. Mie hizo mwakani zimeniishia."

Maskati mpaka Nizwa: tunatafuta mbuzi

Uwanjani alinipokea Nasir, mtoto wa Mama Mkubwa Raya. Kanipita miaka michache, amestaafu serikalini, ana tumbo la heshima na kanzu nyeupe isiyojua kukunjamana. Tulikumbatiana, tukasifiana uongo kwamba hatujazeeka, tukapanda pikapu yake. Nilidhani tunakwenda Ibra.

"Kwanza Nizwa," akasema. "Kuna mbuzi."

"Ibra hakuna mbuzi?"

"Wapo, yakhi. Lakini huyu ninayemtaka mimi anatoka juu ya mlima, Jabal Akhdar, na wa Jabal Akhdar wanashushwa Nizwa."

Ikawa tumezunguka njia yote hiyo kwa ajili ya mbuzi. Joto la kule, ukifungua mlango wa gari unadhani umefungua tanuri. Soko la kabla ya Idi lilikuwa limefurika: halua, visu, watoto wamebeba bunduki za plastiki, na wanyama wanazungushwa duara huku wenyewe wakitaja bei kwa sauti. Nasir alitazama meno, akatazama kwato, akaondoka kwa hasira, akarudi. Mimi nilikula halua ya moto kwenye kibanda cha mtu, na nikaambiwa nile tena.

Kilichonishangaza ni salamu. Kila hatua chache Nasir alikutana na mtu anayemjua, wakashikana mikono, wakaanza kunong'onezana mbio mbio, huyu anauliza, huyu anajibu, kisha huyu naye anauliza. Kiarabu changu ni cha chuo cha Kurani tu, hakikufika hata nusu ya njia.

"Mnaambizana nini?" nikamuuliza.

"Habari. Huku mtu akifika mahali lazima aulizwe habari za atokako. Na akiulizwa lazima atoe. Asiyetoa, hana adabu."

"Hata mie?"

"Wewe hasa! Mgeni wa mbali."

Hapo akapita mbuzi mweusi mwenye manyoya marefu, na somo langu la adabu za Omani likakatika katikati. Kumbukeni hilo, maana ndilo lililonitia aibu baadaye.

Mbuzi akanunuliwa, akafungwa nyuma ya pikapu pamoja na mizigo yangu. Tulipotoka mjini nikaona sasa wakati umefika. "Nasir ndugu yangu," nikaanza, "Mama amenituma kwa Mama Mkubwa."

"Subhanallah, umeona ule mlima?" akasema Nasir, akaongeza kiyoyozi cha gari mpaka sauti yangu ikapotea.

Samad Ash Shan: tunanyang'anywa mbuzi kwa wema

Tulipokaribia Samad Ash Shan niligeuka kutazama nyuma. Mbuzi alikuwa amekata kamba. Alikuwa ameinamia kikapu cha ukindu alichonifungia Mama, anatafuna vileja vya zawadi kwa utulivu, na kikapu chenyewe kilikuwa kimeshaliwa mkono mmoja. Nikapiga kelele. Nasir akakanyaga breki, na mbuzi akaruka akaingia kwenye mashamba ya mitende.

Nimekimbia mengi maishani, lakini sijawahi kumkimbiza mbuzi wa milimani kwenye jua lile. Nasir alikunja kanzu akaruka mfereji wa maji, mguu mmoja ukafika ng'ambo na mmoja haukufika. Tulipofika ua wa pili tukamkuta mzee mmoja, hatumjui hatujui, amemshika mbuzi wetu pembe na anamfunga kwenye mtende. Nasir akamshukuru, akanyoosha mkono apokee kamba.

Mzee akaificha kamba nyuma yake. Nasir akanitafsiria huku maji yakimchuruzika: "Anasema mbuzi tutampata tukishakunywa kahawa."

Hatukuwa na la kufanya. Tukatandikiwa mkeka, ikaja tende mbichi, ikaja tikiti maji, ikaja kahawa. Kikombe kidogo, nikanywa, kikajazwa. Nikanywa, kikajazwa. Kwetu kukataa kahawa ya mtu ni ubaya, basi nikaendelea kunywa kwa adabu mpaka moyo ukaanza kupiga ngoma. Nasir alinitazama mpaka akashindwa kujizuia.

"Kitikise kikombe, bwana! Usipokitikisa, huyu atakujazia mpaka Idi ya mwakani."

Nikakitikisa. Mzee akacheka, Nasir akacheka mpaka akashika mbavu, na mimi nikaona huyu sasa kalainika. Nikarudia ujumbe wa Mama, safari hii moja kwa moja: nimekuja kumchukua Mama Mkubwa.

Kicheko kikamkatika. "Magoti yake, yaani, taabu tupu," akasema. "Na presha. Lakini mimi sikatai. Muulize mwenyewe. Akisema ndiyo, mimi nani?"

Nilifurahi kupita kiasi. Nikajiona nimeshamaliza kazi kabla sijafika.

Ibra: natoa habari

Mama Mkubwa alikuwa amekaa mlangoni, amejitanda leso, mdogo kuliko sauti yake. Nikapiga magoti. "Shikamoo, Mama Mkubwa."

"Marahaba, mwanangu." Akanishika uso kwa mikono miwili, akanigeuza huku na huku. "Pua ya Salma hii. Wallahi, kamkopi mamake." Akaanza kulia, na mimi nikalia, nyumba nzima ikasimama inatutazama.

Ndani ya nyumba ile nilikuwa Unguja. Mandazi ya hiliki, mkate wa kumimina, mchuzi wa nazi. Lakini nilipokaa nikaona miaka ilivyokwenda. Thuraya, binti wa Nasir, ambaye kwangu alikuwa kitoto kwenye picha ya ukutani, sasa ni mhandisi na anamfokea baba yake kwa kuendesha gari vibaya. Wadogo zake, bibi akiwaambia kitu kwa Kiswahili wanamjibu kwa Kiarabu, na yeye haoni kama kuna tofauti. Wazee niliokuwa nikitumiwa salamu zao nikiwa mtoto, wengi niliambiwa wapo makaburini, nyuma ya mitende.

Nilimngoja Mama Mkubwa abaki peke yake, nikampa ujumbe. Akazungusha kipuli.

"Ningependa, mwanangu. Lakini muulize Nasir. Mie sasa ni mzigo wa watu."

"Nasir kasema nikuulize wewe."

"Basi kamuulize tena."

Thuraya alinifuata jikoni. "Ami, bibi yeye anataka sana kwenda," akaninong'oneza. "Kila siku anataja ile nyumba yenu. Lakini anasema baba hataki, na baba anasema bibi hataki. Mambo yao hii sisi tumechoka."

Asubuhi ya Idi tuliamka na arsia, ndugu yake bokoboko letu la ngano na nyama, ila yenyewe ni ya mchele, na samli imemwagwa katikati. Tukasali, tukachinja, mbuzi wa Jabal Akhdar akalipia vileja vyangu. Kisha wanaume wa ukoo mzima wakakusanyika sabla, chumba kirefu cha kupokelea wageni, tumepanga migongo ukutani. Mkubwa wao ni Ami Hamed, shemeji wa Mama Mkubwa, aliyekulia Tabora. Kahawa ikazunguka, nikakitikisa kikombe kwa ufundi. Ami Hamed akanigeukia.

"Haya, mgeni wetu. Tupe habari za huko."

Nikakohoa, nikajiweka sawa, nikatoa.

Jamani, nilitoa. Nilianza na masika yalivyonyesha, nikaenda kwa waliooa na walioachana, nikataja waliokufa kwa majina ya baba zao, nikaeleza kesi ya ukuta wa jirani yetu tangu mwanzo. Nikaona macho yanawatoka, nikajua wananogewa. Ndipo nikamalizia: "Na habari kubwa ni kwamba mama yangu anamtaka dada yake. Nikimuuliza Mama Mkubwa, ananiambia muulize Nasir. Nikimuuliza Nasir, ananiambia muulize Mama Mkubwa. Mie nazungushwa kama pia, na mama yangu ananingoja."

Sura zao zilivyokuwa sitaki kuzikumbuka. Baadaye ndipo niliposomeshwa kwamba ukiulizwa habari pale, jibu ni moja tu: hakuna jipya, alhamdulillah. Hata kama nyumba yako imeungua, hakuna jipya. Mambo ya kweli husemwa baadaye, pembeni, na anayehusika. Na mie Mswahili ningelijua hilo bila ya kuambiwa, maana sisi pia mtu yumo kitandani hajiwezi, ukimuuliza habari anakwambia njema. Lakini nilikwishaambiwa asiyetoa hana adabu, nikataka niwe na adabu kuliko wenyeji.

Nasir aliangalia zulia. Dirisha la sabla limetazama uani kwa wanawake, na nje yake nikasikia kicheko kikizibwa na leso.

Ami Hamed akaweka kikombe chini. "Kila Idi nauliza habari hapa," akasema taratibu, "na kila Idi naambiwa hakuna. Leo nimepewa. Habari ikishatolewa sabla haimezwi. Nasir?"

"Ami, magoti ya mama..."

"Sikukuuliza magoti."

Sabla nzima ikaangua kicheko, ila Nasir. Ami Hamed akainua mkono. "Jioni tunafukia shuwa. Na hili tulifukie nalo. Kesho nyama ikitoka, jibu litoke."

Shuwa ni ile nyama inayopakwa viungo, ikafungwa majani ya mgomba, ikatiwa mfuko wa majani ya mtende na kuzikwa kwenye shimo la moto. Shimo ni moja kwa mtaa, kila nyumba na mfuko wake wenye alama. Nasir aliutupa mfuko wetu bila ya kunitazama, na usiku ule hakunisemesha. Nililala roho imeniuma. Nilikuja kula sikukuu na watu, nikawavunjia heshima sebuleni kwao.

Kesho yake alasiri shimo likafunguliwa, harufu ikatutoa machozi. Nasir alikuwa amechanganyikiwa hata akanyakua mfuko wa watu wengine na kuubeba mbio mpaka mlangoni, wenyewe wanamfuata. "Baba, hiyo si yetu!" Thuraya akapiga kelele. "Yetu ile na waya!" Ikabidi arudishe huku mtaa mzima ukimcheka, na nadhani kule kuchekwa ndiko kulikomfungua. Tulipozunguka sinia mle sabla, akairudisha nyama aliyoishika.

"Si magoti," akasema. "Naogopa akifika kwao asitake kurudi kwetu."

Hakuna aliyecheka. Ami Hamed akamkatia kipande laini akamuwekea mbele yake, kama anavyowekewa mtoto. "Na kama akitaka kwenda?"

"Nitampeleka mwenyewe mpaka mlango wa ndege."

Nikaruka kwenda uani kumpa Mama Mkubwa bishara. Alikuwa keshasikia yote dirishani. Lakini hakupiga kigelegele. Alikaa anaikunja ncha ya leso yake, anaikunjua, anaikunja.

"Tutaona, inshallah," akasema.

Bidiya na Sur: Mama Mkubwa anasema kweli

Siku ya pili yake Nasir alitupeleka Sur, kwa Asya, dada yake mdogo. Mama Mkubwa alikaa mbele. Zilikuwa zimebaki siku chache nirudi, na sasa kisingizio cha Nasir hakipo, wala neno la ndiyo halijatoka.

Bidiya tulikwama. Magari ya kwenda kucheza kwenye mchanga wa jangwani yalikuwa yamepanga foleni kituo cha petroli, vijana wanapunguza upepo kwenye matairi na kupiga honi. Nasir akashuka kugombana nao, kidogo tu kwa kuwa ni sikukuu. Mimi nikaleta chai ya maziwa kwenye vikombe vya karatasi, nikampa Mama Mkubwa.

Akanywa fundo moja. "Nilipoondoka," akasema bila ya kugeuka, "Salma alikuwa na mikia miwili ya nywele. Kapanda dirishani, kashika nondo, analia nimchukue. Ndiye huyo ninayesema naye kwenye simu mpaka leo. Sauti yake haijazeeka sana, umeiona? Naongea naye namuona vile vile, na mikia yake."

"Sasa nenda ukamuone, Mama Mkubwa."

"Nikimuona, yule mtoto atakufa." Akageuka, na macho yake yalikuwa yamejaa. "Na yeye ana dada kichwani mwake, kijana, anaruka kamba. Akiniona mie huyu, dada yake naye atakufa. Unadhani simu naiweka sikioni kwa kuwa sijui kuitumia? Najua. Naogopa, mwanangu. Nasir kanifaa miaka yote hii kwa kunikataza."

Nilikuja nimejitayarisha kupambana na magoti, presha na mtoto mkaidi, nikakuta kitu ambacho hata mimi kinanitisha kila nikijitazama kwenye kioo. Nikamletea chai nyingine.

Sur kulikuwa na upepo na furaha. Asya alitupikia papa kwa nazi, wajukuu wakamvamia bibi yao wakitaka pesa za sikukuu, mmoja akaniuliza kama kweli Zanzibar kuna simba mitaani, nikamwambia wapo ila siku ya Ijumaa wanapumzika. Baada ya chakula Mama Mkubwa akatoweka. Aliporudi alikuwa amenawa uso, katia wanja, kajifunga leso mpya, na kipuli kinang'aa.

"Nipige picha," akaniambia. "Uso wote. Mpelekee Salma aone kwanza, tusije tukatishana."

Nikapiga. Alisimama wima, hakucheka, kama anayepigiwa picha ya pasi. Nikaituma kwenye simu ya mke wangu, nikamwambia ampelekee Mama. Tukakaa tunangoja, hata wale watoto wakatulia. Hatimaye ukaja ujumbe wa sauti. Nikaufungua, na sauti ya Mama ikajaa chumba kizima:

"Mwambie Raya sikuitazama. Nimefumba macho. Miaka yote hii sikumngojea nije nimuone kwenye kioo cha simu. Aje mwenyewe, vyovyote alivyo."

Mama Mkubwa akaniashiria niurudie. Nikaurudia. Akautaka tena. Kisha akamwita Nasir.

"Nikatie tiketi, baba."

Nasir akatoa simu yake. "Ya kwenda tu, mama, au...?"

"Ya kwenda na kurudi! Wajukuu zangu hawa nimwachie nani, wewe usiyejua hata mfuko wako wa nyama?"

Nasir akamuinamia akambusu kichwani, kisha akanishika na mimi akanikumbatia mpaka mbavu zikalia. Asya akapiga kigelegele, majirani wakaja kuuliza nani kaposwa.

Unguja: mlangoni

Ndegeni alilala, mimi ndiye niliyekesha kwa wasiwasi. Kutoka uwanjani alishika mkono wangu, na kila kona akauliza, "Hapa ndipo?" Si pale, si hapa, mji umemgeukia.

Mama alikuwa amesimama mlangoni tangu alfajiri, wamemletea kiti kakataa. Gari likasimama. Mama Mkubwa akashusha mguu mmoja, akashusha wa pili, akakamata mkongojo, akatembea mpaka wakawa hatua moja tu baina yao. Wakasimama wanatazamana. Mtaa mzima ulikuwa nje unawatazama.

"Raya," akasema Mama, "mbona umezeeka hivi?"

Nikasema basi, nimemtoa mtu Omani kuja kutukanwa.

Mama Mkubwa akamwangalia juu mpaka chini. "Na wewe je? Hukujitazama?"

Mama akaanza kucheka. Mama Mkubwa akacheka. Wakashikana mabega wasianguke, wanacheka bila ya meno, wanafutana machozi kwa leso moja, mkongojo umelala chini na hakuna anayeukumbuka.

"Tumezeeka, alhamdulillah," akasema Mama aliporudiwa na pumzi. "Wangapi hawakuwahi!"

Wakaingia ndani wameshikana, wakafunga mlango wa chumba. Nilipobisha na mizigo, Mama akanijibu kutoka ndani nisiwasumbue, niende nikanunue mikate. Nikaiacha mizigo ukumbini, nikaenda.